Jiwe la Mkaguzi

Tuseme simu imelia na ni mtu wa Nairobi, sauti ya ofisini kabisa. Anakwambia serikali inaunda timu ya watafiti wa usalama wa akili unde, na wanataka wewe uiongoze. Mshahara upo. Gari lipo. Safari za ng'ambo zipo. Kazi yako itakuwa kuzichunguza hizi modeli kubwa zinazoandika na kujibu na kushauri watu, halafu kusema kama ziko salama kutumiwa na Wakenya. Utaikubali?

Mimi hawatanipigia, na hilo halina shida. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliposhinda nyumba yetu, na sasa naishi kwa kuandikia watu makala nikiwa hapa Kaplong, pale barabara ya kutoka Kericho inapokutana na ile ya kutoka Bomet kuelekea Sotik na Kisii. Kwa hivyo naweza kulifikiria swali hili bila kutamani gari. Lakini swali lenyewe si la kubuni. Novemba 2024, mtandao wa kimataifa wa taasisi za usalama wa akili unde ulifanya mkutano wake wa kwanza San Francisco. Wanachama waanzilishi walikuwa 10: Marekani, Uingereza, Japani, Korea Kusini, Singapore, Kanada, Australia, Ufaransa, Umoja wa Ulaya, na Kenya. Kutoka Afrika nzima ni sisi peke yetu. Maana yake ni kwamba kuna mtu au watu wanaokalia kiti hicho, na wanapotia sahihi wanatia kwa niaba yangu, na kwa niaba ya kogo wangu ambaye simu yake bado ni ile ya tochi. Nataka kujua mtu huyo ana deni gani kwetu.

Kwanza neno lenyewe. Waingereza wana maneno mawili: moja la kumkinga mtu na ajali, lingine la kumkinga na adui. Februari 2025 serikali ya Uingereza iliondoa neno la kwanza kwenye jina la taasisi yake ya akili unde ikaweka la pili, na watu wa fani hiyo wakabishana sana kuhusu maana ya mabadiliko hayo. Jaribu kuitafsiri hiyo habari kwa Kiswahili. Taasisi ya Usalama imebadilishwa jina, sasa itaitwa Taasisi ya Usalama. Sisi tuna neno moja tu, na huku kwetu neno hilo lina mwenyewe tayari. Ukisema "watu wa usalama" hapa Kaplong, hakuna anayewaza ajali. Anawaza Land Cruiser ya polisi, chifu, kamati inayokaa na kuamua nani ni msumbufu. Baada ya maandamano ya Juni 2024 na vijana waliobebwa na magari yasiyo na namba, neno limezidi kuwa zito. Albert Ojwang alikuwa mwalimu. Alikamatwa Homa Bay Juni 2025 kwa ajili ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni, akaletwa Nairobi, akafia kwenye seli za polisi. Kwa hivyo serikali ikisema ina timu ya usalama wa mashine zinazosoma na kuandika maneno, mtu wa rika langu anauliza swali moja kabla ya mengine yote: usalama wa nani?

Nadhani jibu la swali hilo haliko kwenye nia ya kiongozi wa timu. Nia hatuwezi kuiona. Liko kwenye kitu kidogo zaidi, nacho ni muhuri.

Hapa kwetu tunajua habari za muhuri kwa sababu ya mizani. Chai ikichumwa asubuhi inapelekwa kwenye kituo cha kununulia, karani anaiangalia kama ni majani mawili na chipukizi au umechanganya na magugu, anaipima, anatoa uzito wa mfuko, anakupa risiti. Mwisho wa mwezi na wakati wa bonasi, kila shilingi unayopata imetoka kwenye zile namba. Hakuna mkulima anayeweza kuifungua ile mizani akaona kama inasema ukweli. Ndiyo maana kuna Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, na kuna mkaguzi wa serikali ambaye kazi yake ni kuipima mizani yenyewe. Anakuja na mawe yake. Hilo ndilo jambo la maana kuliko yote: haombi jiwe kwa mwenye mizani. Anaweka jiwe ambalo uzito wake unajulikana, anasoma namba, zikilingana anapiga muhuri. Zisipolingana, hapigi. Na sheria inamruhusu kuingia mahali pa biashara bila kungoja mwaliko wa mtu.

Nilimuuliza mzee mmoja jirani yetu aliyewahi kuwa karani wa chai miaka mingi kuhusu siku ambazo muhuri ulikataliwa.

"Hiyo siku watu wanalala na chai yao, kijana," alisema. "Na chai hailali."

Nilidhani angemsifu mkaguzi. Hakumsifu. Alinieleza jinsi majani yanavyopata joto ndani ya mfuko na kuwa mekundu, jinsi akina mama walivyomwangalia yeye karani kama mwizi wakati si yeye aliyefunga mizani. Nitalirudia jambo hili kwa sababu linauma, na wanaoandika kuhusu maadili ya teknolojia wakiwa Ulaya hawapendi kulikumbuka: kukataa kupiga muhuri kuna gharama, na mara nyingi haimfikii mkaguzi wala mwenye mizani. Inamfikia mwenye mfuko.

Lakini kupiga muhuri ovyo nako tumekuona. Julai na Agosti 2023 watu walijaa KICC Nairobi wakingoja kutazama ndani ya kile kitufe cha duara cha Worldcoin ili mboni zao zipigwe picha. Walipewa sarafu za kidijitali ambazo wakati ule zilibadilika kuwa kama shilingi 7,000. Mradi huo ulianzishwa na Sam Altman, yuleyule wa kampuni ya OpenAI, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba enzi ya akili unde inakuja na itabidi kila mtu awe na njia ya kuthibitisha kwamba yeye ni binadamu. Foleni ikawa ndefu mpaka serikali ikasimamisha shughuli yote tarehe 2 Agosti. Bunge likaunda kamati. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ifutwe ndani ya siku 7.

Katikati ya hadithi hiyo kuna karatasi. Kampuni iliyohusika ilikuwa imesajiliwa na Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data miezi michache kabla. Ofisi hiyo ilijieleza kwamba kusajiliwa si kuidhinishwa, na kisheria ni kweli, kama vile kusajili duka si kusema unga wake ni mzuri. Lakini mtu aliyeko kwenye foleni hasomi hivyo. Anasikia kwamba serikali inawajua hawa. Mimi siwalaumu waliopiga foleni, shilingi 7,000 ni kodi ya nyumba. Ninachosema ni kwamba jina la serikali likishakaa karibu na kitu, linafanya kazi ya muhuri hata kama hakuna aliyepiga muhuri. Kiongozi wa timu ya usalama asiyeelewa hilo atatumiwa bila yeye kujua. Picha moja tu akiwa amesimama na mkurugenzi wa kampuni kubwa, nyuma yao bango lenye neno "usalama", inatosha.

Sasa tuangalie kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu hapa ndipo mfano wa mizani unapoanza kupinda. Agosti 2024 taasisi ya Marekani ilitangaza makubaliano na OpenAI na Anthropic ya kuzipima modeli zao kabla na baada ya kutolewa. Ikishirikiana na ya Uingereza ilipima modeli moja ya Anthropic na moja ya OpenAI, na ripoti zikatolewa Novemba na Desemba mwaka huo. Ni kazi nzuri, nimezisoma ripoti hizo. Lakini makubaliano yenyewe yalikuwa ya hiari. Kampuni ilifungua mlango kwa sababu ilitaka kuufungua. Mkaguzi wa mizani wa Bomet, ambaye labda anapanda matatu kwenda kazini, ana nguvu ya kisheria juu ya duka la Kaplong kuliko taasisi ya Marekani iliyokuwa nayo juu ya kampuni za San Francisco. Na kama Marekani iliingia kwa hisani, Kenya itaingia kwa nini?

Hapo ndipo penye mtego wa kimaadili wa kazi hii. Mlango ukifunguliwa kwa hisani, unaweza kufungwa kwa hasira. Ukisema hadharani kwamba modeli ya fulani ilimfundisha mjaribu wako jinsi ya kutengeneza sumu, mara ya pili utapewa saa chache za kuipima badala ya wiki, au utaambiwa ratiba imejaa. Ukinyamaza, unaendelea kualikwa, unaendelea kuona, na pengine unarekebisha mambo kimyakimya. Watu wazuri wengi wamechagua kunyamaza kwa hesabu hiyo, na si hesabu ya kijinga. Shida yake ni kwamba sisi wa nje hatuna njia ya kumtofautisha mkaguzi anayenyamaza ili afanye kazi na yule anayenyamaza ili asafiri.

Tena kwa Kenya kuna fundo lingine. Mkakati wa kitaifa wa akili unde wa 2025–2030, uliozinduliwa Machi 2025, unataka nchi hii iwe kitovu cha teknolojia hiyo Afrika. Mei 2024 Microsoft na G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 unaohusu kituo cha data kitakachotumia mvuke wa Olkaria. Serikali inayokaribisha wageni ndiyo hiyohiyo itakayomwajiri mtu wa kuwakagua wageni mlangoni. Si ati haiwezekani. Serikali hukusanya ushuru wa sigara na huandika onyo kwenye pakiti. Lakini mtu huyo atakapotoa habari mbaya wiki ya ziara ya wawekezaji, atapigiwa simu, na sidhani simu hiyo itakuwa ya kumpongeza.

Kuna waliofanya kazi ya usalama wa mashine hizi Nairobi kabla kiti cha San Francisco hakijatengenezwa. Jarida la Time lilieleza Januari 2023 jinsi vijana wa kampuni ya Sama walivyolipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa kusoma maandishi ya ubakaji, mateso na unyama mwingine na kuyawekea alama, ili OpenAI itengeneze kichujio cha kuzuia ChatGPT isitapike mambo hayo. Wengine walitoka huko wakiwa wameumia akilini. Hao walikuwa watafiti wa usalama bila jina hilo, na waliijua hatari kwa macho yao, aya baada ya aya. Ningepewa ile timu, ningewatafuta hao kwanza, kabla ya mwenye shahada ya uzamifu. Najua mtu aliyeacha chuo akisema hivyo mnacheka, chekeni tu.

Jirani zetu wa Kericho nao wangekuwa na la kusema. Mei 2023 walichoma mashine za kuchuma chai, kwa sababu mashine moja ilikuwa ikichukua nafasi ya wachumaji wengi na hakuna aliyewauliza. Sitetei moto, na mtu aliuawa katika fujo zile. Ila ukiwaletea watu hao ripoti inayosema mashine fulani ni salama kwa kuwa haifundishi kutengeneza bomu, watakuangalia tu.

Turudi kwenye jiwe. Karibuni nimepata jambo lililonipa moyo. Juni 2025 ule mtandao wa kimataifa, Singapore ikiongoza, ulitoa matokeo ya jaribio la pamoja la lugha 10, na Kiswahili kilikuwamo, pamoja na Kifarsi, Kitelugu, Kimalei na nyingine. Maswali zaidi ya 6,000 yalitafsiriwa upya, ya faragha, uhalifu wa kutumia nguvu na usiotumia nguvu, haki za wenye kazi za ubunifu, na mbinu za kuihadaa modeli ivunje masharti yake. Modeli zilizopimwa zilikuwa mbili, zile ambazo yeyote anaweza kuzipakua, kwa hivyo hakuna aliyeombwa ruhusa. Majibu yalikaguliwa na mashine na pia na watu. Kwa jumla ilionekana kwamba kinga za modeli katika lugha nyingine huwa nyuma kidogo ya Kiingereza, na kwamba mashine haitoshi kuwa hakimu peke yake. Kuna majibu yanayokataa swali kwa maneno ya adabu halafu yanalijibu hukohuko ndani.

Hilo ni jiwe. Ni dogo, lakini ni letu, maana anayejua kama sentensi ya Kiswahili inatisha au inatania ni mtu wa Kiswahili. Huwezi kuliazima San Francisco. Hapo ndipo ninapoona kiongozi wa timu ya Kenya anaweza kuwa na mamlaka ambayo hakuna kampuni iliyompa kwa hisani: ajue kupima kitu ambacho wao wenyewe hawawezi kukipima, na akipime kwenye modeli iliyoko sokoni, ambayo haihitaji mwaliko. Akifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, na kutoa namba hata zikiwa za aibu, atapata sauti. Na kwa zile modeli zilizofungiwa ndani, achapishe orodha ya milango aliyogonga na haikufunguliwa. Tuliomba hiki tarehe fulani, tukanyimwa. Hana haja ya kutukana mtu. Pale ambapo hakuona asiseme "salama", na asikubali mtu mwingine aliseme neno hilo huku jina la timu yake likiwa chini ya karatasi.

Rafiki yangu mmoja niliyesoma naye anapinga. Anasema nikiwa mkali hivyo Kenya itapoteza kiti, na kiti kikienda, Afrika haina mtu pale ndani. Halafu ananikumbusha Penda Health. Ni kliniki za Nairobi ambazo pamoja na OpenAI zilichapisha utafiti Julai 2025: katika kliniki 15 na ziara za wagonjwa 39,849, wahudumu waliokuwa na msaidizi wa akili unde pembeni walifanya makosa machache zaidi, asilimia 16 chini kwenye kutambua ugonjwa na asilimia 13 chini kwenye matibabu. Ukikaa na mgonjwa kwenye foleni ya hospitali ya misheni hapa Kaplong ukimwambia kifaa kama hicho kingoje kwa sababu timu yako haijafunguliwa mlango, umemwambia nini? Umemwambia alale na chai yake.

Sina jibu safi kwa rafiki yangu. Ninalo hili tu: mkaguzi aliyekataa muhuri hakumkataza mkulima kuchuma. Alisema mizani hii sijaithibitisha, na baada ya hapo kila mtu alijua anauza kwa mizani ya namna gani. Wahudumu wa kliniki ni watu wazima, wanaweza kukitumia kitu huku wakijua hakijathibitishwa, na wakakitumia kwa uangalifu zaidi kwa sababu hiyo. Kinachowaponza ni kuambiwa kimethibitishwa wakati aliyetia sahihi aliona maonyesho ya dakika 40 hotelini. Kama kiti kinadumu kwa sahihi za namna hiyo, basi mimi ningekiacha, na rafiki yangu anajua ningekiacha, ndiyo maana ananiambia heri sipigiwi simu.

Lakini kuna jambo hata jaribio lile la lugha 10 halijaligusa. Hapa tunazungumza Kipsigis nyumbani. Kiswahili ni cha sokoni, cha shule, cha kuandikia makala kama hii. Kogo akija kuuliza mashine jambo, kupitia kwa mjukuu mwenye simu, atauliza kwa Kipsigis, na sijaona popote kwamba kuna aliyepima mashine inamjibu nini. Nimeanza kuandika maswali kwenye daftari, ya watu wa hapa, jinsi wanavyoyauliza hasa. Nimefika 41. La 12 linahusu dawa ya kupuliza magugu na muda wa kungoja kabla ya kuchuma. La 27 aliniandikisha kogo mwenyewe, kuhusu vidonge vyake vya presha na mitishamba anayochanganya navyo, na akaniambia nisimwonyeshe daktari.

Nimeliuliza la 27 mara tatu kwenye simu. Mara ya kwanza ilijibu kwa Kiswahili. Mara ya pili ilijibu kwa maneno yanayofanana na Kipsigis, kogo akacheka mpaka akashika ukuta. Mara ya tatu ilimpa kipimo cha kunywa, kwa vijiko, bila kuuliza ni dawa gani.